Ni Nani Anayemtahini Daktari wa Mtoto Wako?

Mwalimu wa shule ya upili humfundisha mwanafunzi wake kwa miaka minne. Humjua kwa jina, huujua udhaifu wake katika hesabu na umahiri wake katika insha, na mara nyingine hujua hata kama amekula chochote asubuhi. Lakini siku ya mtihani wa KCSE iwadiapo, mwalimu huyo huyo huwekwa kando. Karatasi huja zimefungwa, askari wakizilinda. Maswali yametungwa na watu asiowajua, na majibu yatasahihishwa na watu wasiomjua mwanafunzi wake wala shule yake.

Sijapata kumsikia mwalimu akidai kwamba kwa kufanya hivyo taifa limemtukana. Tangu sheria ya kuunda Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) ipitishwe mnamo 1980, walimu wetu wameielewa kanuni hii: anayefundisha si vyema awe ndiye pekee anayehukumu matunda ya mafundisho yake. Si kwa sababu ni mwongo, bali kwa sababu ni binadamu.

Iweje basi kanuni tunayoishikilia kwa mtoto wa Kidato cha Nne tuilegeze tunapofika kwa yule atakayemtibu mtoto huyo akiwa mahututi? Hilo ndilo swali ninalotaka walimu na wanafunzi walitafakari, hasa wale wanafunzi ambao kila waulizwapo wangependa kufanya kazi gani hujibu bila kusita kwamba watakuwa madaktari.

Kwanza tuielewe njia yenyewe, kwani wengi huiona mwanzo wake tu. Mwanafunzi husomea shahada ya utabibu na upasuaji kwa muda wa miaka sita. Akihitimu, bado hajawa daktari kamili. Hupelekwa katika hospitali iliyoidhinishwa akawe daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja, akizungukia idara kuu zikiwemo za magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi na watoto. Akimaliza, na wakuu wake wakiridhika naye, ndipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno humsajili na kumpa leseni. Baraza hilo lilianza kwa jina la Bodi mnamo 1978, na likapata jina na muundo mpya mnamo 2019. Leseni hudumu mwaka mmoja tu. Kila mwaka daktari huihuisha, na ili aihuishe hana budi kuonyesha kwamba ameendelea kujifunza.

Mwenye leseni hiyo ana ruhusa ya kumtibu mtoto kwa mkongwe. Iwapo anataka kuwa bingwa wa magonjwa ya watoto, sharti arudi chuoni kwa shahada ya uzamili. Vyuo vikuu vya Nairobi, Moi na Aga Khan ni miongoni mwa vinavyotoa mafunzo hayo. Huko hukaa miaka mitatu au minne, mchana akihudumia wadi, usiku akisoma, na mara nyingi usiku nao akihudumia wadi.

Je, kuna haja gani ya ubingwa huo wote kwa ajili ya watoto? Jibu ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Mtoto mchanga huenda akawa na uzani wa kilo 3, na aliyezaliwa kabla ya wakati huenda asifikishe hata kilo 2. Dawa yake hupimwa kwa kila kilo ya mwili wake. Nukta ikiandikwa mahali pasipo pake katika hesabu hiyo, mtoto hupewa dawa mara kumi ya kiasi kinachomfaa, au sehemu moja ya kumi. Isitoshe, mtoto hawezi kumweleza daktari mahali panapomuuma. Hulia, au hunyamaza. Na daktari aliyefunzwa vyema hujua kwamba mara nyingi kunyamaza ndiko kunakotisha zaidi.

Niliyapata mafunzo hayo kwa njia isiyopendeza. Miaka kadhaa iliyopita, mtoto wa ndugu yangu, msichana wa miezi minane, aliugua homa na kifua kikambana. Katika zahanati moja ya kulipia tuliyoikimbilia kwanza, mtu aliyevaa koti jeupe alimtazama, akaandika dawa na kupokea pesa. Hakumpima uzani. Hakumfungua nguo auone mbavu zake zilivyokuwa zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Ukutani hapakuwa na leseni yoyote, nasi hatukuuliza.

Usiku ule hali ilizidi kuwa mbaya, tukampeleka katika hospitali ya umma. Tulipokewa na kijana ambaye baadaye nilielezwa kuwa alikuwa mwanagenzi. Alimweka mtoto kwenye mizani kabla ya jambo lolote, kisha akamhesabia pumzi kwa dakika nzima akiitazama saa yake. Baadaye akatoa mfukoni kijitabu kidogo kilichochakaa, akakifungua na kuanza kutafuta ukurasa. Nilikasirika. Nilimwambia ndugu yangu kwa sauti ya chini kwamba tumeletwa kwa daktari anayesoma kitabu mbele ya mgonjwa! Mtoto aliwekewa oksijeni, akapewa dawa kwa kipimo kilichotoka katika kijitabu kile, na siku ya nne akarudi nyumbani.

Ilinichukua muda kutambua kwamba hasira yangu ilielekezwa kwa mtu asiyestahili. Kijitabu kile kilikuwa mwongozo wa kitaifa wa kuwatibu watoto, ambao hutolewa na Wizara ya Afya na kutayarishwa kwa ushirikiano na watafiti na madaktari wa watoto. Kijana yule hakukifungua kwa ujinga. Alikifungua kwa sababu alifunzwa kutoitegemea kumbukumbu yake saa tisa za usiku. Asiyejua alikuwa yule wa kwanza, ambaye hakuhitaji kitabu wala mizani.

Kisa hicho chanirudisha kwenye swali langu. Ni nani aliyethibitisha kwamba yule wa kwanza aweza kutibu watoto? Na ni nani atakayethibitisha kwamba yule wa pili, akirudi chuoni na kuhitimu, ni bingwa kweli?

Kuhusu yule wa kwanza, ulinzi upo: leseni. Daftari la Baraza laweza kutazamwa na mtu yeyote, na mzazi ana haki ya kuuliza leseni ilipo kabla ya kumvua mtoto shati. Sisi tuliokaa kimya tulikuwa na sehemu yetu ya lawama.

Kuhusu yule wa pili, kuna pengo. Chuo kilichomfundisha ndicho kinachotunga mtihani wake wa mwisho, ndicho kinachousahihisha, na ndicho kinachomtunuku shahada ambayo kwayo Baraza litamtambua kuwa bingwa. Ni kweli kwamba vyuo hualika watahini wa nje, na maprofesa wetu ni watu waadilifu. Hata hivyo, mtahini wa nje ni mgeni aliyealikwa na mwenye nyumba. Na kila nyumba ina mtihani wake. Hakuna kipimo kimoja kinachomwezesha Mkenya kujua kwamba bingwa aliyefunzwa Nairobi na aliyefunzwa Eldoret wamevuka kizingiti cha kimo kimoja.

Yapo mataifa yaliyotenganisha mambo haya zamani. Nchini Marekani, leseni hutolewa na jimbo, na humruhusu mtu kufanya kazi ya udaktari kwa jumla. Hospitali ya mafunzo nayo humlea daktari anayesomea magonjwa ya watoto kwa miaka mitatu. Lakini cheti cha ubingwa hakitolewi na jimbo wala na hospitali. Hutolewa na American Board of Pediatrics, bodi iliyoundwa mnamo 1933, isiyofundisha mtu yeyote na isiyo na wadi hata moja. Kazi yake ni kupima. Sheria haimlazimishi daktari kuwa na cheti hicho, ila hospitali nyingi na kampuni za bima hazimtaki asiyekuwa nacho. Fauka ya hayo, bodi hiyo huchapisha viwango vya kufaulu kwa kila mahali pa mafunzo, hivi kwamba mwalimu asiyefundisha vyema hana pa kujificha.

Sisemi kwamba tuinakili Marekani neno kwa neno. Mtihani wao wa ubingwa hugharimu zaidi ya dola 2,000, kiasi ambacho kwa daktari wetu mchanga ni mzigo usiobebeka. Madaktari wa huko wenyewe wamelalamika kwa miaka mingi kwamba masharti ya kuhuisha cheti yamekuwa njia ya kuwachuna pesa na kuwapotezea wakati. Kwa kusikia vilio hivyo, bodi ya madaktari wa watoto ilianzisha utaratibu mpya mnamo 2019, ambapo daktari aweza kujibu maswali machache kila robo ya mwaka badala ya kukalia mtihani mmoja mkubwa kila baada ya miaka kumi. Mwenye kuiga na aige pamoja na masahihisho.

Walimu nao watanikumbusha, na watakuwa na haki, kwamba mtihani una sumu yake. Wameona jinsi KCSE ilivyozaa ukaririaji, masomo ya usiku na mapema alfajiri, na hata wizi wa mitihani. Wanajua kwamba mwanafunzi aweza kupata alama ya A bila kuelewa alichoandika. Je, tunataka madaktari wa namna hiyo? La hasha! Ndiyo maana mtihani ninaoupendekeza hauwezi kuwa wa karatasi pekee. Sharti mtahiniwa asimamishwe mbele ya kitanda chenye mtoto mgonjwa na mama mwenye wasiwasi, aonwe jinsi anavyouliza, anavyogusa, anavyohesabu dawa na anavyomweleza mama habari asizotaka kuzisikia. Na wanaomtazama wasiwe wale waliomlea peke yao.

Watakuwepo pia watakaosema kwamba nchi yenye uhaba wa mabingwa haina anasa ya kuongeza vikwazo. Hoja hii ina uzito, kwani kaunti nyingi bado zinawategemea mabingwa wachache mno. Lakini tuzitazame takwimu za nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2003 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa wakiwa hai, 115 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Uchunguzi wa 2022 ulionyesha kwamba idadi hiyo imeshuka hadi 41. Haya ni maendeleo makubwa, na chanjo, vyandarua na dawa za kuzuia akina mama kuwaambukiza watoto wao virusi vya Ukimwi zilichangia pakubwa. Lakini kati ya hao 41, 21 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Hawa ni watoto waliozaliwa kabla ya wakati, waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa, au walioambukizwa maradhi katika siku zao za kwanza. Chandarua hakitawaokoa hao. Watakaowaokoa ni wauguzi na madaktari wenye ujuzi wa hakika. Uhaba usiwe kisingizio cha kuongeza idadi bila kupima ujuzi, kwa maana shule haitatuliwi tatizo lake la uhaba wa walimu kwa kuajiriwa watu wasiojua kusoma.

Zaidi ya hayo, mtihani wa pamoja waweza kupunguza uhaba badala ya kuuzidisha. Tutazame waliyoyafanya wapasuaji. Mnamo 1999 wapasuaji wa Afrika Mashariki, ya Kati na ya Kusini waliunda chuo chao, COSECSA, ambacho makao yake yako Arusha. Mwanafunzi wa chuo hicho hujifunza akiwa kazini, katika hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa katika nchi yake, chini ya wapasuaji waliomzidi ujuzi. Mwisho wa mafunzo, yeye na wenzake wa nchi nyingine hukalia mtihani mmoja. Kwa kuwa mtihani ni mmoja, mafunzo hayana haja ya kufungiwa katika miji yenye vyuo vikuu. Juhudi zozote za kuwapatia madaktari wa watoto njia kama hiyo zastahili kuungwa mkono na wizara, kaunti na vyuo vyenyewe. Daktari aliyefunzwa ubingwa katika hospitali ya kaunti ana sababu nyingi zaidi za kubaki huko kuliko yule aliyeondoka akiwa kijana na kurudi miaka minne baadaye akiwa amezoea jiji.

Lakini leseni na cheti, hata vikiwa thabiti, havitoshi. Kuna kitu cha tatu, nacho ni chama cha wanataaluma. Wengi hudhani kwamba chama ni mahali pa kulipa ada, kuhudhuria kongamano katika hoteli ya Mombasa na kupiga picha. Historia inaonyesha vingine.

Mnamo 1921 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyojulikana kwa majina ya Sheppard na Towner, ya kutoa fedha za umma kwa ajili ya afya ya akina mama na watoto wachanga. Chama kikuu cha madaktari wa nchi hiyo kiliipinga katika mkutano wake wa 1922 mjini St. Louis, kikihofia serikali kuingilia kazi ya udaktari. Katika mkutano huo huo, kitengo cha madaktari wa watoto kiliiunga mkono. Wakuu wa chama walighadhabika, na vitengo vikapigwa marufuku kutoa msimamo wao wenyewe. Madaktari wa watoto hawakusahau. Mnamo 1930, madaktari 35 walikutana mjini Detroit wakaunda chama chao, American Academy of Pediatrics. Kilizaliwa kwa sababu kulikuwa na watoto wasio na wa kuwasemea, na madaktari waliokatazwa kuwasemea.

Huku kwetu, Chama cha Madaktari wa Watoto cha Kenya kina kazi ya kujivunia. Ni chama hiki ambacho kimesaidia kueneza nchini mafunzo ya namna ya kumpokea mtoto aliye mahututi: kumtambua upesi, kumpa huduma ya dharura, kisha kumtibu kwa utaratibu ulioandikwa. Kijana wa kijitabu kilichochakaa alikuwa tunda la kazi ya namna hiyo. Hii ni sauti ambayo daktari anayesomea ubingwa yafaa ajiunge nayo mapema, akiwa bado mwanagenzi, si baada ya kufungua kliniki yake. Na wakubwa wa chama wampe nafasi ya kusema, kwani yeye ndiye aliye wadini saa tisa za usiku, na ndiye ajuaye ni usiku upi mitungi ya oksijeni ilikuwa mitupu.

Tena kuna jambo moja la haki ambalo siwezi kulinyamazia. Hatuwezi kudai viwango vya juu kwa watu tunaowatendea vibaya. Mkataba wa 2017 uliweka malipo ya mwanagenzi kuwa zaidi ya Sh200,000 kwa mwezi. Serikali ilipotaka kuwalipa Sh70,000, madaktari waligoma kuanzia Machi 2024, na mgomo huo ukadumu siku 56. Wanaosomea ubingwa nao, wapo ambao wamejilipia karo kutoka mifukoni mwao huku wakihudumia wagonjwa wa umma bila mshahara. Katika migomo hiyo, aliyeumia zaidi ni mtoto wa maskini. Anayetaka kuweka mtihani mgumu mwisho wa safari sharti pia aweke chakula njiani.

Basi mapendekezo yangu ni machache. Baraza la Madaktari, vyuo vikuu na chama cha madaktari wa watoto waketi pamoja waandae mtihani mmoja wa ubingwa, wa maandishi na wa kitandani, utakaofanywa na kila anayesomea ubingwa huo, popote alipofunzwa. Watahini watoke pande zote, na ada isimzuie yeyote. Hospitali za kaunti zinazofaa zikaguliwe na kuidhinishwa kuwa mahali pa mafunzo. Na wanaofunzwa walipwe kwa kazi wanayoifanya.

Kwa wanafunzi mnaotamani taaluma hii, nawaomba mjue mnachokiomba. Koti jeupe hununuliwa dukani kwa bei nafuu. Leseni hupatikana kwa miaka saba ya jasho, na ubingwa kwa mingine mitatu au minne. Baada ya hapo bado mtafungua kijitabu mbele ya mgonjwa, na mtakuwa mmefanya vyema.

Nanyi walimu, ambao kila mwaka mmekubali kuwekwa kando ili kazi yenu ipimwe na wengine, mna ushahidi wa kutoa katika mjadala huu. Mwajua kwamba mwalimu mzuri hauogopi mtihani wa mtu mwingine. Maprofesa wetu wa udaktari ni walimu pia, na sioni kwa nini wao wauogope.